Vumbi Jekundu Kwenye Uji wa Mama

Juzi nilikwenda sokoni Iringo kutafuta dagaa, nikapita mbele ya mama mmoja aliyetandaza udongo wa kula juu ya gunia. Mnaujua ule udongo. Vipande vya rangi ya chai ya maziwa, vimekaushwa juani, na ukivinyunyizia maji vinatoa harufu ya mvua ya kwanza. Yule mama alikuwa amevinyunyizia makusudi, maana biashara ni ujanja. Mate yakanijaa mdomoni. Nina mimba ya miezi minne, na mpaka nafika pale nilikuwa najisifu kwamba mimi sina tamaa za ajabu ajabu. Nikageuka nikaondoka bila hata hao dagaa, na nilipofika nyumbani Mwisenge nilikaa kitandani nikalia. Mume wangu aliuliza nani kaniudhi. Nikamwambia jua lilikuwa kali. Sijawahi kumweleza, wala sijawahi kumweleza mtu yeyote yote kwa pamoja kama ninavyotaka kuwaeleza ninyi.

Kwetu ni kijijini, upande wa Butiama, kwenye vilima vyenye mawe mengi kuliko mihogo. Tulikuwa tunakaa na bibi, mama yake baba. Baba alikuwa kambi ya uvuvi, kisiwani, na alirudi nyumbani mwezi unapokuwa mkubwa, kwa sababu dagaa hawavuliwi kwenye mbalamwezi. Kwa hiyo sisi watoto tulimhesabu baba kwa kutazama juu. Mwezi ukianza kunona, tunafagia uwanja. Mwezi ukifa, tunajua nyumba ni ya bibi.

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, darasa la nne, na mama alikuwa na mimba ya tano. Mimba ile ilimkataa tangu mwanzo. Akipanda kutoka kisimani alisimama mara tatu kuvuta pumzi, na ndoo alikuwa ameshaacha kubeba, nabeba mimi. Siku ya kliniki bibi alitupeleka zahanati yeye mwenyewe, akatangulia mbele na mwavuli wake. Nesi alimvuta mama kope la chini la jicho, akaniita na mimi nione, sijui kwa nini. Ndani palikuwa peupe kama mnofu wa samaki sato. Kisha akamfungua viganja, navyo ni vile vile.

"Damu imeisha hii," nesi alisema. "Mwili wako hauna chuma kabisa, mama. Ukija kuzaa hivi utatufia kitandani. Udongo unakula?"

Mama akasema hapana. Nesi akamtazama meno, akacheka kidogo bila furaha, akamwambia mficha uchi hazai. Ndipo akamgeukia bibi na kumweleza kwamba udongo unakizuia chuma kisiingie kwenye damu, kwa hiyo mkwe wako akiendelea kuula, hata nikimpa dawa ni kazi bure. Akatupa vidonge vyekundu kwenye bahasha ya kaki. Nilibeba mimi ile bahasha njia nzima, nimeishika kwa mikono miwili, nikihesabu kimoyomoyo siku zilizobaki mpaka mwezi ukue baba arudi.

Bibi hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo mara mbili. Tulipofika tu alipekua chumba cha mama. Udongo wake ulikuwa unatoka Bunda, shangazi yake alimtumia kila siku ya mnada kwenye mfuko wa nailoni, na mama aliuficha chini ya godoro upande wa ukutani. Bibi akautoa wote, akaumwaga njiani pale ng'ombe wanapopita jioni. Mama alisimama mlangoni amejiziba mdomo kwa khanga. Sikuwahi kumwona hivyo. Alikuwa na sura ya mtu aliyefiwa, nami nikamwonea bibi hasira ambayo mpaka leo haijaisha vizuri, ingawa najua bibi alikuwa anaokoa maisha ya mkwe wake kwa njia alizozijua.

Vidonge navyo mama hakuviweza. Kila akimeza anatapika, na akitapika anabaki amelala hadi mchana. Wiki ya pili nilimkuta nyuma ya choo anavimimina shimoni, kimoja kimoja, kama mtu anayepanda mahindi. Akanitazama. "Usimwambie bibi yako," alisema. Mimi nilikuwa mtoto wa kutunza siri, na nilijivunia sifa hiyo. Sikumwambia bibi. Lakini maneno ya nesi yalikuwa yameshaniingia kichwani: hana chuma, atatufia kitandani. Nilikuwa najua vidonge viko wapi, na bibi alikuwa hajui. Kwa hiyo kwa hesabu zangu, katika nyumba nzima mtu pekee aliyejua kwamba mama anakufa nilikuwa mimi.

Udongo ulipokatazwa mama alianza kukwangua ukuta wa jiko. Alitumia kucha, baadaye kijiko. Palitokea shimo la ukubwa wa bakuli karibu na mahali alipokaa kupika. Bibi aliliona. Alichukua kinyesi cha ng'ombe kibichi akausiriba ukuta wote, kuanzia chini mpaka mkono wake ulipoishia. Baada ya hapo mama alikaa jikoni akiutazama ukuta tu.

Sasa niwaeleze habari ya kompyuta, maana hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Shuleni kwetu ilikuja kompyuta moja na projekta moja, zililetwa na wageni waliopiga picha na sisi wakaondoka. Umeme ulikuwa wa sola, na ulitosha kipindi kimoja kwa wiki, siku ya Jumatano. Mwalimu Magesa, wa sayansi, ndiye aliyeitunza. Aliilaza nyumbani kwake, na Jumatano aliileta kwa baiskeli, imefungwa kitenge cha mke wake. Tulitundika shuka ukutani, tukaziba madirisha kwa magunia, tukabanana humo tukinuka jasho na moshi wa majumbani kwetu, tukisubiri shuka liwake. Wenzangu mliosoma shule za namna ile mnakumbuka ile sekunde kabla halijawaka. Darasa lenye watoto wote wale, na unasikia nzi.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na somo la mawe na madini, na ndani ya somo kulikuwa na dada. Hakuonekana, alisikika tu, Kiswahili chake cha redioni, laini. Tulimwita Dada wa Kompyuta. Ulileta jiwe lako kutoka nyumbani, ukasimama mbele, dada akakuuliza maswali na wewe ukabonyeza ndiyo au hapana. Je, jiwe lako ni zito kuliko mawe mengine ya ukubwa huo? Je, linakwaruza kioo? Je, linaacha mstari wa rangi ukilisugua kwenye kigae? Ukimaliza, anakutajia jina lake, na kwanza anakupongeza. Marwa, aliyekuwa mtundu kuliko wote, alileta kipande cha tofali akabonyeza majibu anayotaka. Dada akasema: Hongera, jiwe lako ni almasi. Tulicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mwalimu Magesa alicheka pia, halafu akatuambia kwamba kompyuta haina macho, inajibu kile ulichoiambia, ukiidanganya na yenyewe inakudanganya. Nadhani mimi nilicheka kuliko watoto wote. Nakumbuka kwa sababu nimeyarudia maneno yale kichwani mara nyingi kuliko sala.

Jumatano iliyofuata lilikuwa somo la chuma. Mwalimu alikuwa na jiwe jekundu jeusi, zito, akalisugua nyuma ya kigae cheupe. Kulikuwa na kamera ndogo yenye waya, ya kukuza vitu, akaielekeza kwenye ule mstari. Mstari ukatokea kwenye shuka, mkubwa kama mlango. Mwekundu. Kwa macho yangu ulikuwa unang'aa, umelowa. Nilijua damu ninapoiona, nimeshachinja kuku, na ile ilikuwa damu. Kisha zikaja picha: misumari, jembe, reli, na mwishoni mtu aliyechorwa na tone jekundu kifuani. Dada akasema kwa sauti yake ile laini kwamba chuma kimo pia ndani ya damu yetu, na mtu asiye na chuma cha kutosha huchoka na kupumua kwa shida.

Nilihisi masikio yanalia. Nilikuwa mtoto wa nyuma, asiyeuliza. Siku ile nilinyoosha mkono, nikamuuliza mwalimu kama chuma cha kwenye jiwe na chuma cha kwenye damu ni kimoja au ni viwili tofauti.

Mwalimu Magesa alifurahi kiasi cha kuvua miwani. "Ni kile kile. Chuma ni chuma," alisema. "Mnaona? Kuuliza si ujinga. Mpigieni makofi." Wakanipigia makofi matatu mazito, darasa zima. Katika miaka yangu yote ya shule ya msingi sikupigiwa makofi mara nyingine.

Sitaki mfikiri nilikuwa mjinga. Nilifikiri sawasawa, hatua kwa hatua, na kila hatua ilikuwa na shahidi. Mama hana chuma, kasema nesi. Jiwe lina chuma, kasema dada. Chuma ni kile kile, kasema mwalimu. Na kuhusu kula jiwe, nani angenishangaza mimi na hilo? Udongo ule ni jiwe laini tu, na mama alikuwa analila tangu nimezaliwa. Bibi mwenyewe alishawahi kulila kwenye mimba zake, alikubali siku moja bibi jirani alipomtania. Wanawake wote niliowajua walikula udongo wakiwa na mimba. Kwa hiyo kosa la mama halikuwa kula jiwe. Kosa lake lilikuwa kwamba anakula jiwe lisilo lenyewe.

Nilitafuta kilimani siku tatu, jioni, nikisingizia kuni. Siku ya tatu nilipata jiwe lenye mistari mieusi na rangi kama ya ini, zito, la kujaza kiganja. Nikalisugua kwenye kigae nilichookota. Mstari wake, nikisema ukweli, haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa rangi ya kutu, au ya chai iliyokaa. Nikalisugua tena kwa nguvu, nikaamua ni mwekundu. Jumatano nikasimama kwenye foleni nimelificha chini ya sweta. Dada akauliza kama ni zito, nikabonyeza ndiyo. Akauliza kama linaacha mstari mwekundu, nikabonyeza ndiyo. Akauliza kama sumaku inalivuta. Mwalimu alikuwa na sumaku kwenye kamba, akaniazima, nikaisogeza karibu na jiwe na sumaku haikufanya lolote. Ilining'inia tu. Labda ilitikisika kidogo kwa sababu kamba niliishika mimi. Nikabonyeza ndiyo.

Hongera, akasema dada. Jiwe lako lina chuma.

Nilijua habari ya Marwa na almasi yake. Lakini Marwa alikuwa anacheza, mimi sikuwa nachezea kitu. Niliona kabisa kichwani mwangu kwamba dada hawezi kunidanganya mimi, katika shida niliyokuwa nayo. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilishika nilichokiona.

Kazi ya uji wa asubuhi ilikuwa yangu. Bibi akiwa shamba nilivunja jiwe kwa kichwa cha shoka, nikalisaga kwenye jiwe lake la kusagia, nikachekecha kwa kitambaa. Lilikuwa gumu, mikono ilitoka malengelenge, na bibi aliporudi aliuliza nani amesaga mtama mwekundu bila kusafisha. Vumbi lililopatikana nililiweka kwenye kopo dogo la mafuta ya kujipaka. Uji wetu ulikuwa wa ulezi, mwekundu wenyewe, hakuna ambaye angeona. Siku ya kwanza nilitia kijiko kimoja kwenye bakuli la mama, nikakoroga, nikampelekea.

Akanywa funda la kwanza akasita. Akanitazama. Nikatazama miguu yangu. Kisha akafumba macho na akaanza kutafuna. Uji hautafunwi, lakini mama aliutafuna, taratibu, mpaka wa mwisho, na akakwangua bakuli kwa kidole. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu aliomba bakuli jingine. Mama, ambaye chakula kilikuwa kinarudi kama kilivyoingia, aliomba bakuli jingine, na bibi akasema Mungu amesikia, akanisifia kwamba nimejua kupika. Mama alianza hata kuimba kidogo akipepeta ulezi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikapiga magoti nikashukuru, nikamshukuru na Dada wa Kompyuta, maana sikujua kama naye anashukuriwa au la. Furaha niliyokuwa nayo wiki ile sijaipata tena, hata siku ya harusi yangu.

Ila viganja havikubadilika. Kila mchana akisinzia nilimvuta kope la chini, taratibu, kama nilivyoona kwa nesi, na kila mchana palikuwa peupe. Nikaongeza vijiko vikawa viwili. Miguu ilianza kuvimba, kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Vikawa vitatu. Nilikwenda kilimani nikaleta jiwe la pili, hilo hata sikulipeleka kwa dada. Pumzi ya mama ilikuwa inasikika kutoka chumba kingine. Nilijiambia chuma ni kizito, kinachelewa kufika. Mwezi ulikuwa umekwisha kufa na baba alikuwa amesharudi kisiwani, na mimi kila siku nilimpelekea mama bakuli na yeye kila siku alitafuna, amefumba macho, anatabasamu.

Alianguka asubuhi moja mlangoni mwa jiko. Baba mdogo, mdogo wake baba, aliita bodaboda wakampakia katikati, yeye nyuma amemkumbatia asidondoke, wakaenda naye hivyo mpaka hospitali Musoma. Mimi na bibi tulifuata kesho yake. Watoto wadogo waliachwa kwa jirani, mimi nilichukuliwa nikahudumie, na kopo lilikuwa mfukoni mwa sketi yangu ya shule. Nilikuwa bado nina tumaini. Niliwaza kwamba huko uji wa hospitali hauna chuma.

Hospitali ilinuka dawa ya kudekia na uji wa watu wengi. Walisema mama anahitaji damu haraka. Baba mdogo alitoa, ikaingia yote, haikutosha. Ndugu waliokuwepo mjini, mmoja alisema ana presha, mwingine alisema anaenda kula kwanza atarudi. Baba hakupatikana kwenye simu, kisiwani mtandao ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo baba mdogo alishuka mwaloni Makoko, pale mitumbwi inapopaki, kutafuta mtu wa kumpelekea ujumbe. Mimi nilimfuata nesi wa wodi nikakunja mkono wa shati nikamwambia atoe yangu. Alinishika kichwa akasema, "Wewe mwenyewe damu huna, mama." Alikuwa mtu mwema. Nilimchukia.

Daktari alipopita alimuuliza bibi kama mgonjwa anakula udongo. Bibi akaapa. "Tangu tukatazwe hajala hata punje, daktari. Mimi mwenyewe ndiyo nalindaga."

"Kuna kitu anakula, bibi," daktari alisema. "Mwangalie meno. Chochote anachokula akiache leo, kinammaliza."

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda. Bibi alikuwa anatazama huku na huku, mwanamke yule mkali, amechanganyikiwa kama kuku aliyenyang'anywa vifaranga. Ningeweza kusema pale pale. Kopo lilikuwa linanigusa paja. Sikusema kwa sababu nilimwogopa bibi, na naandika hivyo hivyo bila kuipamba: mama anakufa mbele yangu, na mimi niliogopa fimbo.

Nimeshauliza, msidhani sijauliza. Kabla sijaolewa nilimweleza daktari mmoja kijana, nikajifanya ni habari ya jirani. Akasema chuma cha jiwe mwili hauwezi kukitumia, kinapita tu, na vumbi kiasi kile peke yake halingemuua mtu. Akasema huyo mama alikuwa ameishiwa damu tangu uzazi wa nyuma, mimba zilifuatana, vidonge hakumeza, hospitali alichelewa. Akasema pengine lile vumbi lilizidisha kidogo, pengine halikuzidisha. Nilimshukuru. Yale mengine yote aliyosema nimeyasahau namna alivyoyasema, ila hizo pengine mbili nazisikia na sauti yake.

Lakini hata hilo la kuua au kutoua ningeweza kuishi nalo. Watoto wanafanya mambo. Kuna jingine.

Ilikuwa siku ya pili hospitalini, mchana. Bibi alikuwa amekwenda kufua khanga na mashuka kwenye bomba la nje, nami niliachwa nimpepee mama. Alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, amenitazama.

"Bibi yako yuko wapi?"

"Anafua."

"Sogea." Nikasogea. Alinong'ona. "Ule udongo wako umebaki?"

Nikamuuliza udongo gani.

"Huo unaniwekeaga kwenye uji." Alitabasamu, na kwenye meno yake niliona ile rangi. "Ulifikiri sijui? Siku ya kwanza tu nilijua. Nikasema, huyu mtoto ameona navyoteseka, ameenda kunitafutia. Nyumba nzima ile, wewe peke yako ndiyo umenihurumia."

Ndipo nikaelewa. Hakujua habari ya chuma cha kwenye jiwe. Hakujua habari ya dada wala ya makofi ya darasani. Siku zote zile nilizodhani naona damu inarudi, alikuwa ni mtu mwenye kiu anayepewa maji kwa siri. Alikula jiwe langu kwa sababu lilikuwa jiwe, na kwa sababu nimempa mimi, na alinyamaza kunilinda na bibi kama nilivyonyamaza kumlinda yeye.

"Nipe kidogo tu," alisema. "Kwenye ulimi. Mdomo wote unanichachia hizi dawa."

Mkono wangu ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nilikuwa nimelishika kopo, mfuniko wake ulikuwa wa moto kwa joto la mwili wangu. Kijiko hata hakikuhitajika, ncha ya kidole ingetosha. Lakini daktari alikuwa amesema akiache leo, na mimi nilikuwa nimekosea wiki nzima na zaidi, na nilitaka angalau mara moja nifanye lililo sawa. Nilitaka kutii. Nilifikiri nikitii sasa, hata kwa kuchelewa, atapona.

"Umeisha, Mama," nikasema.

Macho yake yalishuka kutoka usoni kwangu, yakaenda mpaka kwenye mkono wangu, pale ulipoingia mfukoni, pale kitambaa cha sketi kilipotuna kwa umbo la kopo. Yakakaa pale. Kisha yakarudi usoni kwangu, na hayakuwa na hasira.

"Haya mwanangu," alisema. "Kama umeisha, basi."

Akalamba midomo, akageukia ukutani. Alikufa jioni ile ile, yeye na mtoto tumboni. Bibi alianua mashuka yakiwa bado mabichi, akayakunja hivyo hivyo, maji yanamchuruzika mikononi. Baba alifika baada ya siku mbili akanikumbatia, akaniuliza kama mama aliacha neno lolote, kama kuna kitu alikitaka. Nikamwambia hakutaka kitu. Alikitaka. Nilikuwa nacho, nikamnyima, na yeye alijua ninacho.